Aliyeitwa Mara Tisa

Ummi aliosha mchele maji manne, na maji ya nne yalikuwa bado na mchanga. Si vumbi. Vumbi watu wa La Rochelle, mtaa wa jiji la dhahabu huku kusini mwa Afrika, wanalijua: kila Agosti upepo hulichota kwenye vilima vya taka za migodi na kulimwaga madirishani, la njano, laini, unalifuta leo kesho limerudi. Huu ulikuwa mchanga wa punje, mweupe, na alipoushika kiganjani aliusikia una moto. Maji yalikuwa ya bomba, ya baridi ya kukata vidole. Ummi alisimama pale jikoni akiutazama, kisha akafanya wanachofanya mwanzoni wanawake wengi walioolewa na wanaume wenye siri: akaumwaga, akafungua pakiti nyingine.

Mumewe Yasini alirudi kula mchana. Tonge la kwanza tu likalia menoni.

"Mchele gani huu, mke wangu?"

"Ule ule wa siku zote. Nimeuosha maji manne."

"Basi osha matano," alisema Yasini, akatema kiganjani. Alipouona ule weupe, uso ulimgeuka. Akaosha mikono bila kula, akasema ana kazi, akatoka.

Tusizungushane. Wewe msomaji una haki ya kujua mapema kilichomgeuza uso mtu huyu, ingawa mkewe alichukua wiki saba kukijua.

Yasini alikuwa seremala, mtoto wa Chumbageni, Tanga, mwenye karakana mtaa wa jirani wa Rosettenville, nyuma ya duka la Mreno. Hakuwa akitengeneza milango mipya. Alikuwa akitafuta ya zamani, ya mbao nzito zisizopatikana tena, akiikwangua rangi na kuing'arisha, halafu anawauzia wenye mikahawa wa upande wa kaskazini wa jiji, watu wanaopenda kitu kilichochakaa mradi kimechakaa kwa heshima. Mwenzake wa kazi alikuwa Firmin, Mkongo wa Lubumbashi, mwenye pikapu na mabega ya kubebea. Miaka minne walikula sahani moja. Firmin hakukosa kanisa, Yasini hakukosa swala, na kila mmoja alimsubiri mwenzake amalizane na Mungu wake ndipo kazi iendelee. Mkewe Firmin, Angélique, alikuwa na saluni ya kusuka mtaa wa pili. Mtoto wao wa pekee, Exaucé, walimwacha Lubumbashi kwa bibi yake.

Mwaka huo wa 2017 walisikia habari za mji uliokufa. Jangwani, mbele ya Upington, njia ya kuelekea mpaka wa Namibia, palikuwa na mgodi wa shaba uliofungwa kabla wao hawajazaliwa. Watu walihama wote, mchanga ukahamia. Milango, waliambiwa, bado ipo.

Walitoka mwisho wa Julai, Jumamosi alfajiri, wakalala kituo cha mafuta, na Jumapili asubuhi wakafika. Njia nzima Firmin aliimba nyimbo za kanisani kwao ili Mungu, alivyosema, asimwandikie utoro. Lango la mji lilikuwa mnyororo ulioliwa na kutu. Ndani kulikuwa na barabara mbili zilizonyooka, posta bila paa, kanisa bila madhabahu, na nyumba kubwa za mawe zilizozama mchangani kila moja kwa kiasi chake, hii mpaka ngazini, ile mpaka dirishani, nyingine imebaki bomba la moshi tu. Hapakuwa na ndege. Yasini aliligundua hilo.

Firmin yeye alifurahi kama aliyerudi kwao.

"Ona, ndugu yangu," alisema akionyesha kwa kidole. "Hii iko sawasawa na Lubumbashi. Hapa ni manyumba ya bakubwa ya mugodi. Kule camp ya batumikaji. Pale kwa kuchezea mupira. Baba yangu alizaliwa mu camp kama hii. Mi naweza kukutembeza na macho ya kufunga."

Walifanya kazi asubuhi nzima, wakapakia milango sita. Yasini akabaki nje akiifunga kamba, Firmin akaingia peke yake nyumba ya mkuu wa mgodi, ile kubwa kuliko zote, kuufuata mlango wa chumba cha mwisho. Ulikuwa mlango mzuri, umefungwa tangu enzi hizo, jua halijaugusa. Alichukua bisibisi na mtaimbo. "Dakika kumi," alisema.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipotendeka, na ni kosa ambalo mtu wa Cape Town asingelifanya, wala mtu wa Lubumbashi.

Mtoto wa Tanga hufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kuhesabu: ukiwa mahali pasipo watu, jua la utosi, saa saba mchana, ukasikia unaitwa kwa jina lako na sauti unayoijua, usiitike. Huyo si unayemdhani. Ukiitika umejitoa. Yasini alifundishwa na bibi yake kwa maneno na kwa kofi, na aliishi miaka arobaini na moja bila kuihitaji elimu hiyo, mpaka mchana ule. Kivuli chake kilikuwa chini ya viatu vyake. Kamba ilikuwa mkononi.

"Yasini!"

Sauti haikutoka mlangoni alikoingia Firmin. Ilitoka upande wa nyuma wa nyumba, ambako kilima cha mchanga kilikuwa kimeegemea ukuta mpaka kwenye paa, na ilikuwa sauti iliyobanwa, ya chini, sauti ya kitu kinachosema kutoka ndani ya ardhi.

"Yasini! Kuya! Kuya, ndugu!"

Akaona wazi kabisa, kama anavyoona mbao yenye ufa, kwamba Firmin yuko mbele na sauti iko nyuma, kwamba ni saa saba na mji ni wa wafu, kwamba hilo kuya la Firmin, yaani njoo, lilikuwa limeigwa mpaka kwenye lafudhi ili anaswe yeye, akaingia kwenye pikapu, akapandisha vioo vyote, akaziba masikio kwa vidole, akasoma Ayatul Kursiyyu akairudia na kuirudia, na kila aliposita kuvuta pumzi aliisikia ile sauti ikimwita, ya tatu, ya nne, ya sita, kila mara fupi kuliko iliyotangulia, mpaka ya nane. Ya tisa sitaisema hapa, kwa sababu Yasini mwenyewe alikuwa hathubutu hata kuikumbuka.

Kisha kimya. Yasini alimshukuru Mungu. Alidhani aya zimemfukuza jini.

Alisubiri mpaka saa nane na nusu ndipo aliposhuka kumtafuta mwenzake. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umelala chali, na mchanga uliokuwa nyuma yake miaka yote hiyo, chumba kizima cha mchanga na kilima kizima nyuma ya chumba, ulikuwa umemiminika ukajaza ukumbi mpaka kiunoni, na ulikuwa bado unatembea taratibu kwa mlio wa nafaka inayomwagwa guniani. Alichimba kwa mikono. Alipata kofia. Alipata mkono, na mkono ulikuwa bado una joto, na haukumshika alipoushika.

Mpaka hapo mimi simlaumu. Aliogopa, na aliogopa kama alivyofundishwa. Ila yaliyofuata hakufundishwa na mtu. Aliketi pale ukumbini akafikiria polisi, akafikiria karatasi zake za kuishi nchini zilizokwisha tangu Mei, akafikiria maswali. Halafu akaondoka. Milango sita aliondoka nayo.

Angélique alipomuuliza mumewe yuko wapi, Yasini alisema Firmin ameshukia Upington, kuna mwanamke huko, kumbe yupo siku nyingi, na amesema asitafutwe. Aliusema uongo huo akiwa amesimama mlangoni mwa saluni, mbele ya wateja wawili wenye nywele nusu. Angélique hakulia. Alicheka. Akamaliza kichwa alichokuwa akikisuka.

*

Mchanga haukuishia kwenye mchele. Ummi aliukuta ndani ya mito, ndani ya sufuria zilizofunikwa, ndani ya Msahafu, katikati ya kurasa. Alifagia asubuhi, akafagia jioni. Alimwambia mwenye nyumba kuwa dari linavuja mchanga, naye akaja, akapanda ngazi, akachungulia na tochi, akashuka anapangusa mikono.

"Eish, mama, huko juu ni pakavu na pasafi," alisema. "Labda mume wako analeta na viatu vya kazi."

Halafu ikaja harufu. Harufu ya jiwe lililochomwa na jua, na ndani yake shaba, ile harufu inayobaki kiganjani ukishika sarafu kwa muda mrefu. Ilikuja kila siku saa saba mchana na kuondoka baada ya robo saa. Ummi alianza kuiogopa saa hiyo. Alikuwa akitafuta kazi ya kumtoa nje, anakwenda sokoni hana cha kununua, anasimama kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, akiangalia magari.

Yasini yeye hakuwa na pa kwenda. Kila saa saba, alipokuwa karakana au chooni au njiani, aliisikia.

"Yasini!"

Hakuitika. Na kila alipokaa kimya, jambo moja lilimtokea. Lilianzia nyayoni. Wiki ya kwanza aliona miguu mizito, kama ya mtu anayetembea ufukweni kwenye mchanga mkavu. Wiki ya pili uzito ukapanda kwenye vifundo, ya tatu magotini, na chini ya ule mstari hakusikia baridi wala pini. Hospitali walimgonga magoti kwa nyundo ndogo, wakampiga picha, wakasema mifupa mizima. Wiki ya tano ulimfika kiunoni, akawa hatoki kitandani. Alikuwa akijua unakokwenda. Alikuwa ameuona ukumbi ule umejaa mpaka wapi, na alijua kwamba juu ya kiuno kuna kifua, na juu ya kifua kuna mdomo.

Siku moja ya wiki ya sita mvua ilimzuia Ummi kutoka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimnywesha mumewe uji, harufu ikaja, ikajaa chumba, na akasikia kitu kinateleza ndani ya ukuta, kama mtu anamimina mchele upande wa pili.

"Yasini! Kuya!"

Kijiko kilimwanguka. Haikuwa sauti ya kuigiza. Alikuwa ameisikia sauti hiyo miaka minne mlangoni mwake ikiomba chai.

"Huyo Firmin," alinong'ona. "Yasini, huyo si Firmin?"

"Usiitike!" Yasini alimshika mkono mpaka ukauma. "Ummi, nakuomba, usiitike."

"Kwa nini nisimwitikie Firmin? Si yuko Upington?"

Yasini alimwachia mkono. Mchanga uliendelea kuteleza ndani ya ukuta, ukaja mpaka nyuma ya kichwa cha kitanda, ukatulia. Mwanamke akishajua, maswali yanamwishia. Ummi alichukua mtandio wake, akatoka na mvua ile ile kwenda mtaa wa Observatory kumtafuta Mwalimu Ameir.

*

Mwalimu Ameir alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, anasomesha watoto Kurani jioni na mchana anauza manukato. Hakuwa na makeke ya waganga wa kwenye vipeperushi. Hakuahidi kitu. Alikuja saa sita na nusu na mfuko wa plastiki wenye chetezo, ubani, zafarani na sahani nyeupe ya kombe.

Alianza na ubani. Ukawaka, ukatoa moshi, na moshi haukupanda. Ulimwagika pembeni mwa chetezo ukatambaa sakafuni mpaka kitandani. Mwalimu aliutazama, akasogeza miguu yake.

Akaandika kombe kwa zafarani, akaliosha kwa maji, akampa Yasini anywe. Yasini akanywa funda moja, akapaliwa. Kilichobaki sahanini kilikuwa mchanga mkavu.

"Huyu si wa kawaida," Mwalimu alimnong'oneza Ummi. "Jini wa njiani ukimwonyesha jina la Mungu husogea. Huyu hasogei. Huyu ana haki yake."

Saa saba ilipofika Mwalimu alimwekea Yasini mkono kichwani, akasoma kwa sauti ya chini, kwa muda, mpaka shingo ya Yasini ikakaza na macho yakageuka meupe.

"Nani wewe?" aliuliza Mwalimu.

Mdomo wa Yasini ukafunguka. Mtoto wa Chumbageni, ambaye katika miaka minne alishindwa kuiga hata sentensi moja ya Kiswahili cha Firmin bila kuchekwa, akasema kwa lafudhi safi ya Lubumbashi:

"Nilimuita mara tisa."

Ummi alijiziba mdomo kwa mtandio.

"Unataka nini kwake?"

"Bibi yangu Angélique ajue. Huyu amwambie na mudomo yake."

"Akishamwambia, utatoka?"

Mdomo ulikaa wazi kidogo, punje zikawa zinaanguka kutoka kwenye kona zake kwenye shuka. "Ile atasema bibi yangu. Akisema nitoke, mi natoka. Akisema nibaki, mi nabaki."

Shingo ikalegea. Yasini akazinduka akiwa analia, na uzito umepita kitovu.

Mwalimu alikusanya vyombo vyake.

"Maiti harudi, hilo tujue," alisema. "Lakini kila binadamu ana karini wake, jini anayezaliwa naye na kutembea naye. Mtu akifa vizuri, karini huenda zake. Huyu, nadhani, alimwona mwenziwe akifa anaita na haitikiwi. Atakwenda wapi? Mimi siwezi kumtoa. Yasini, kilichotokea huko sikijui, na sitaki uniambie mimi. Mwambie mwenye mume."

*

Yasini alikaa siku nne bila kukubali. Nataka hilo lijulikane. Siku nne, na uzito ukipanda vidole viwili kila saa saba, na mkewe akimsihi, akimfokea, akimgeuzia uso. Siku ya tano uzito ulifika mbavuni na akaanza kuvuta pumzi kwa kuzihesabu. Ndipo aliposema, "Mwite."

Angélique alikuja na nguo za saluni, mkoba begani, uso mkavu. Wiki zile saba zilimkondesha lakini hazikumwinamisha. Mtaa mzima ulijua alivyomfanyia mumewe aliyekimbia. Picha ya harusi aliikata katikati kwa mkasi wa kazi. Suti ya kanisani alimpa mzee anayelinda magari. Mbele ya akina mama wa kanisa alisimama akasema Firmin ni mbwa, na popote alipo asizikwe na mtu anayempenda. Wakamwitikia amina.

Alikaribishwa kiti, akakataa. Alimtazama Yasini, akatazama mchanga uliojaa pembe zote za chumba.

"Ummi alisema uko na neno. Sema. Niko na bateja."

Yasini alisema. Alisema kwa vipande, pumzi na neno, pumzi na neno. Alisema mlango wa chumba cha mwisho, alisema saa saba, alisema alivyofundishwa na bibi yake, alisema vioo alivyovipandisha. Alisema kofia. Alisema mkono. Alipofika kwenye Upington alifumba macho.

"Hapakuwa na mwanamke, shemeji. Nilitunga. Nilitunga nikiwa njiani, pale Kuruman, nikinywa soda."

Ummi akasikia mkoba wa Angélique ukibanwa.

"Alikuita mara ngapi?" Angélique aliuliza.

"Tisa."

"Ulihesabu."

"Ndiyo."

"Basi ya tisa ndio ya mwisho. Mara ya tisa alisema nini?"

Yasini alitikisa kichwa. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni. Mwalimu Ameir, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa upole, "Sema yote. Ukibakiza hata chembe umejizika."

"Mara ya tisa," alisema Yasini, "hakuniita mimi. Alisema, Mama Exaucé."

Angélique alikaa. Kile kiti alichokikataa, sasa alikaa juu yake kwa kishindo, kama mtu aliyekatwa miguu. Na hapo ndipo alipolia, kilio cha wiki saba kwa mara moja, cha mwanamke anayemlilia mume aliyekuwa akimtukana hali yuko chini ya mchanga akimtaja. Alijipiga mapaja. Alimwita Firmin kwa majina ambayo hakuna mwingine pale aliyewahi kuyasikia. Ummi alipiga magoti miguuni pake akalia naye, na kwa muda walikuwa wajane wawili, mmoja kabla ya wakati wake.

Ilikuwa saa saba kasorobo. Mwalimu alikohoa.

"Mama, msiba wako ni mkubwa, na haki ni yako. Amekiri. Umebaki wewe. Ni neno moja tu. Useme, nimemsamehe, toka. Atatoka."

"Dada Angélique," alisema Ummi akiwa bado magotini, "sikuombi kwa ajili yake. Nakuomba kwa ajili yangu. Sina mwingine nchi hii."

Angélique alimshika Ummi mabega, akamwinua, akampangusa mashavu kwa kiganja. Alimpangusa kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililomtisha Ummi.

"Weye hauna kosa, Ummi. Chumba yangu iko wazi, utakuja kulala kwangu leo." Kisha akamgeukia Yasini. "Kesho nitatuma bandugu ba kanisa na polisi, batamufukua bwana yangu. Nitamuzika. Nitamulilia mbele ya bantu bote, na nitasema kwa kila mutu mi nilikosa. Hiyo ni yangu na yeye."

"Shemeji," Yasini alisema. Hewa ilimtosha neno hilo tu.

"Uliogopa. Hiyo ningekusamehe, Yasini. Kuogopa kila mutu anaogopa. Lakini ulirudi na akili yako yote, ukakunywa soda, ukatafuta neno la kunipa. Ukaona la kufa haitoshi. Ukanipa mwanamuke." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wiki saba mi namutukana mutu mwenye alikufa na jina yangu mu mudomo. Na weye unasikia, na unanyamaza. Na ungenyamaza mpaka leo kama haikukufikia hapa." Akajigusa kifuani.

"Mama, Mungu anapenda anayesamehe," alisema Mwalimu.

"Najua. Pasteur naye atanisema. Nitaenda, nitatubu. Kesho." Alivuta kiti chake mpaka ubavuni mwa kitanda, akaketi tena, mgongo umenyooka, mkoba mapajani.

Harufu ilikuja. Jiwe la moto, na shaba. Mchanga ulianza kuteleza ndani ya kuta zote nne kwa pamoja, na Ummi akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka mgongo wake ukamgusa Mwalimu ambaye alikuwa akisoma kwa midomo tu bila sauti, na Yasini akawa anayatupa macho kwa huyu na kwa yule, kwa mkewe, kwa Mwalimu, kwa dari, akitafuta uso mmoja wa kumtetea, kifua chake kikipanda nusu na kushindwa kushuka.

"Yasini!"

Safari hii sauti haikubanwa. Ilikuwa karibu, chini ya kitanda, pana na nzima, sauti ya mwanaume aliyefika nyumbani.

Angélique aliinamisha kichwa kuisikiliza. Uso wake ulilainika kwa mara ya kwanza tangu Julai. Akaitika, taratibu, kwa sauti aliyokuwa akimwitia mumewe chakula kikiwa mezani:

"Yasini eko hapa, Baba Exaucé. Kuya. Kuya polepole, mi siko na haraka."